Bonde Lililofagiwa

“Sijauliza kama wako salama. Nimeuliza wako wapi.”

“Wako pazuri, Mama Pacha.”

“Pazuri ni wapi? Pana mlango? Pana mwenyewe? Pana maji?”

Mama Pacha alikuwa bado ameishika baiskeli, makopo matupu ya maziwa yakigongana nyuma kila alipohema. Alfajiri ile alikuwa ameondoka kupeleka maziwa mjini, akiacha ng'ombe sita zizini na mume mmoja kitandani. Sasa amerudi, amemkuta mume zizini na ng'ombe hakuna hata mmoja. Kuhusu mabadilishano hayo yeye hakuwa ameulizwa.

Ugomvi ulikuwa umeanzia langoni, ukapita zizi, na sasa umefika uwani, mbele ya jiko, ambapo mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Alikuwa anachambua yaleyale kwa mara ya pili, maana hakutaka kuinuka akapitwa na neno.

“Leo si ndiyo anakuja afisa wa ile hifadhi?” mume akasema kwa upole.

“Ndiyo.”

“Basi. Nimeandaa.”

“Umeandaa nini?”

“Nimewaondoa ng'ombe. Nimewapeleka kwa fundi baiskeli, ana ua mkubwa. Watu wa hifadhi hawapatani na ng'ombe, Mama Pacha. Tazama mabango yao. Yote yana twiga. Umewahi kuona bango la hifadhi lenye ng'ombe?”

Mama Pacha aliegemeza baiskeli ukutani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu ambacho angependa kukirusha.

“Kwa hiyo kesho alfajiri nikamkamue twiga?”

Mama mkwe alijifanya anakohoa.

Mume huyu alikuwa fundi seremala, mrefu, mwenye mikono mizuri na moyo usio na kufuli. Mtaa mzima ulimwita Bwana Sawa, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kumwomba jambo akaambiwa hapana. Wateja wake walichukua viti wakaahidi kulipa mwisho wa mwezi, bila kusema mwezi gani. Yeye alisema sawa. Mke wake naye alikuwa amempenda kwa sababu hiyohiyo, zamani, alipokuwa hajawahi kuona hasara yake.

“Na hiyo?” Mama Pacha akauliza.

Nyuma ya jiko, karibu na toroli lililoegemezwa kwenye mti, palikuwa na kilima. Kilikuwa kimepita kimo cha dirisha.

“Hiyo ni samadi.”

“Samadi naijua, naiosha viatuni kila siku ya Mungu. Nauliza inafanya nini hapa.”

“Nimefagia bonde.”

Hata maharage yalinyamaza.

“Umefagia bonde,” Mama Pacha akarudia. “Bonde zima.”

“Kwa fagio, mwanzoni. Likakatika. Nikamalizia kwa koleo.” Alionyesha viganja vyake, na kweli vilikuwa na malengelenge. “Sikutaka mgeni akanyage mavi.”

Hapo Mama Pacha alikosa pa kushika. Mwanaume mvivu unaweza kumfokea. Mwanaume aliyesukuma toroli asubuhi nzima mpaka mikono ikatumbuka, kwa ajili yako, utamwanzia wapi?

“Baba Pacha, wiki iliyopita nilipotoka kwenye ule mkutano nilikueleza nini?”

“Kwamba ardhi italindwa.”

“Halafu?”

“Nikasema sawa.”

“Halafu?”

Mume alijikuna kisogo. “Hapo nadhani ndipo nilipolala.”

Basi ikabidi aelezwe upya, amesimama, macho wazi. Mpango wenyewe ulikuwa wa kulinda malisho, si wa kulinda twiga. Mwenye ardhi anabaki na ardhi yake, anabaki na mifugo yake, anaendelea kukamua na kuuza kama kawaida. Anachoahidi ni kwamba kwa miaka kumi na mitano bonde halilimwi, halijengwi, halikatwi viwanja, na nyasi haziliwi mpaka zikabaki udongo. Kwa ahadi hiyo analipwa kila mwaka. Pesa yenyewe si ya kujengea ghorofa, lakini karo ya pacha wawili ingetoka humo bila mama yao kuzungukia watu. Zaidi ya hapo wanaletewa waya wa kugawia malisho na hori la maji. Hakuna anayelazimishwa. Ila wenye ardhi wote lazima watie sahihi, na ardhi lazima iwe ya malisho kweli, inayoliwa na mifugo, ambayo haijaguswa na jembe.

“Inayoliwa na mifugo,” Mama Pacha akamalizia. “Sasa huyo afisa akija akaona bonde safi kama sebule, bila ng'ombe wala hata alama ya ng'ombe, ataandika nini?”

Mume alitazama kilima cha samadi. Polepole uso wake ulianza kushuka.

“Nenda kawalete,” mke akasema.

“Sawa.”

Alipokwisha kutoka mbio, mama mkwe aliweka ungo chini, akapangusa mikono.

“Mwanangu,” akasema, “sikutaka kuingilia mambo yenu.”

Mama Pacha alimjua mkwewe. Sentensi hiyo haikuwahi kuja peke yake.

“Sema, mama.”

“Ungemuuliza na la trekta.”

*

Trekta lilikuwa la Bosi. Yaani halikuwa lake. Bosi hakuwa na kitu chochote isipokuwa simu na miwani ya jua. Lilikuwa la mkulima wa vitunguu anayekodi ardhi za watu huku na kule, na Bosi, mdogo wake Bwana Sawa, alikuwa amempa ahadi ya bonde kwa misimu minne. Jina la Bosi alipewa na mama yake mwenyewe, akiwa mtoto, kwa sababu alipenda kutuma kuliko kutumwa.

Bonde lilikuwa la watu watatu: mama mkwe na wanawe wawili, kama baba yao alivyowaachia. Bosi alikuwa amekwenda kwa kaka yake na wazo la vitunguu. Kaka akasema sawa. Siku mbili baadaye mke akaja na wazo la malisho. Mume akasema sawa. Yote mawili yaliangukia leo, na Bwana Sawa alilala usingizi mzuri, akitumaini kwamba moja litachelewa njiani.

Mama Pacha aliketi kwenye kigoda cha mkwewe bila kuombwa. Bonde lile ndilo lililomlisha. Kiangazi kikikausha pande zote, pale chini palibaki na unyevu, na majani yalibaki mabichi, na maziwa hayakukatika. Vitunguu misimu minne, halafu? Majani ya namna ile hayarudi kwa kuitwa. Na mkulima wa vitunguu alikuwa na utaratibu wake unaojulikana: pesa ya kwanza inatoka siku ileile jembe linapogusa ardhi. Kwa maneno mengine, mstari mmoja tu wa jembe, Bosi anapata pesa mkononi, na mpango wa malisho unakufa papo hapo.

“Anakuja saa ngapi na hilo trekta?”

“Alisema baada ya chakula,” mama mkwe akajibu. “Lakini unajua Bosi. Chakula chake hakina saa.”

Bwana Sawa alirudi mikono mitupu, jasho likimtiririka.

“Fundi baiskeli amefunga lango kwa mnyororo, amekwenda kwenye harusi ya binamu yake.”

“Na ng'ombe?”

“Wako ndani. Nimewaona kwenye upenyo.” Alijifuta paji la uso. “Malkia ameniangalia vibaya.”

Kabla mke hajajibu, pikipiki ilisimama langoni, na akashuka mwanamke kijana aliyevaa viatu vya mvua siku ya jua kali, mkoba begani.

“Hodi hapa! Mimi ni afisa malisho.”

“Karibu, karibu sana!” wote watatu wakaitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wezi.

*

Waliteremka bondeni kwa mstari, afisa mbele. Mama Pacha alimwangalia alivyokuwa akiinama, akisimamisha kiganja chake ardhini kupima urefu wa nyasi, akizitenganisha kwa vidole kutazama shina. Nyasi zilikuwa nzuri. Kwa miaka minane Mama Pacha alikuwa akiligawa bonde kwa kamba na vijiti, upande mmoja ukiliwa, upande mwingine ukipumzika, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja mtu wa kuona.

“Nzuri sana,” afisa akasema. Mama Pacha alivuta pumzi.

Kisha afisa akasimama. Mbele yake, katikati ya bonde, kilisimama kibao kilichopigwa randa vizuri, na maandishi mekundu: TAFADHALI USIKANYAGE NYASI.

Akatazama viatu vyake. Akatazama kibao. Akawatazama wenyeji.

“Kibao kizuri,” akasema. “Nani fundi?”

“Mimi,” Bwana Sawa akajibu, na licha ya yote hakuweza kuficha fahari.

“Na ng'ombe wanaingiaje humu kama hawaruhusiwi kukanyaga?”

Bwana Sawa alisogea mbele ya kibao, kama anayetaka kukificha.

“Ninyi mnafuga kweli?” Sauti ya afisa ilikuwa bado ya adabu, ila ilikuwa imepoa. “Nimetembea tangu juu mpaka hapa, sijakutana na mavi hata tone. Ardhi ya malisho isiyo na mavi mimi bado sijaiona. Samahani, mama, lakini tunadanganywa sana. Kuna watu hukodi ng'ombe tukija. Wengine huazima hata mchungaji.”

Mama Pacha alihisi uso unawaka. Kuitwa maskini alikuwa amezoea. Wateja wa mjini waliwahi kuyanusa maziwa yake mbele yake kabla ya kulipa. Lakini kuitwa mwongo kwa kazi aliyoamkia kila siku kwa miaka minane, hiyo ilikuwa mpya.

“Ng'ombe ninao sita,” akasema. “Mume wangu amewaficha.”

“Amewaficha? Kwa nini?”

“Ili upendezwe.”

Afisa alikitazama tena kibao.

“Watu hukodi ng'ombe wakinisubiri,” akasema taratibu. “Ninyi ndio wa kwanza kuficha.”

“Na mavi amefagia.”

“Amefagia.”

“Twende nyuma ya jiko,” Mama Pacha akasema, “ukaone.”

Wakapanda tena wote, na wakasimama mbele ya kile kilima. Mama mkwe, aliyewafuata kwa nyuma akiwa ameshika kiuno, alijifunika uso kwa kanga.

“Nyumba nyingine mgeni anaingizwa sebuleni,” akanung'unika. “Sisi mgeni wetu tunamleta kutazama mavi. Mwanangu, angalau umpe kiti.”

Bwana Sawa akaleta kiti. Afisa hakukikalia. Alichukua kijiti, akachokoa kilima pande mbili tatu kwa makini, kama daktari anayetafuta uvimbe, na uso wake ukaanza kulegea.

“Huu ni mzigo wa miezi,” akasema. “Hapa kuna mavi ya juzi na kuna ya tangu mvua. Huwezi kukodi kitu kama hiki.” Akamgeukia Bwana Sawa. “Umebeba haya yote peke yako?”

“Kwa toroli.”

“Baba, hicho ulichokitoa bondeni ndicho chakula cha zile nyasi. Utakirudisha.”

“Sawa,” Bwana Sawa akasema, akitazama viganja vyake.

“Nikiona na ng'ombe wenyewe, tutie sahihi. Wenye ardhi wote wapo?”

Hapo ndipo waliposikia muungurumo barabarani.

*

Bosi alikuja amesimama kwenye ngazi ya trekta, mkono mmoja umeshika paa, miwani ya jua usoni, kama anayepokewa na umati. Dereva alikuwa mtu mnene asiye na haraka, anatafuna kijiti. Trekta halikupita uwani. Lilishuka moja kwa moja kwa njia ya pembeni mpaka ukingoni mwa bonde, jembe limeinuliwa nyuma linang'aa. Familia nzima ilishuka mbio, mama mkwe akiwa wa pili, jambo ambalo mgongo wake haukuwa umelifanya kwa miaka.

“Shemeji!” Bosi akaita. “Mbona mbio? Mnakuja kunipongeza?”

“Shuka hapo, Bosi. Hakuna kulima.”

“Muulize mume wako. Tumeshakubaliana.”

“Na mimi tumeshakubaliana.”

“Basi huyo mume wako ni mali ya wengi,” Bosi akasema, na dereva akacheka mpaka kijiti kikamtoka.

Afisa alijitambulisha, akaeleza mpango kwa kifupi. Bosi alimsikiliza akiwa ameinua miwani juu ya nywele.

“Ngoja nielewe. Mnalipa watu kwa kutolima?”

“Kwa kutunza malisho.”

“Bila kulima.”

“Bila kulima.”

“Dada yangu, mimi huu mwaka wa kumi silimi! Mbona sijaona hata senti?”

Hata Mama Pacha alilazimika kugeuka pembeni.

“Tena naweza kutolima eneo kubwa kuliko hili,” Bosi akaendelea, akiona wamecheka. “Nipe mlima. Nipe wilaya. Nitakaa nisilime hadi mshangae.”

“Mimi nalima popote,” dereva akasema. “Nionyeshwe tu pa kuanzia. Mafuta yanaungua hapa.”

Afisa alifunga zipu ya mkoba wake, si kwa hasira. “Sipo hapa kumzuia mtu. Ardhi ni yenu. Ila jembe likigusa tu, mimi naondoka, na bonde hili halitapokelewa tena. Ndiyo masharti.”

Dereva akaweka mkono kwenye kishikio. Akamtazama Bwana Sawa, maana ndiye aliyekuwa mkubwa.

“Mzee, nishushe?”

Wote wakamgeukia. Bwana Sawa alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari pale, limekaa kwenye ulimi kama lilivyokaa maisha yake yote.

“Sa...” akasema.

Mama Pacha aliangalia tu vile viganja vyenye malengelenge.

“Ha,” akasema Bwana Sawa. Akakohoa. “Hapana.”

Lilitoka jembamba, kama sauti ya mlango mpya.

“Nani amesema?” mama mkwe akauliza, akiangalia huku na huku.

“Uliniambia sawa!” Bosi akapiga kelele.

“Nilikuambia sawa. Na yeye nilimwambia sawa. Na fundi baiskeli anataka kununua lango letu, nimemwambia sawa.”

“Lango lipi?” Mama Pacha akaruka.

“Tutaliongea,” mumewe akasema haraka.

Labda ndiyo sababu fundi baiskeli hakulijali sana lango lake mwenyewe. Maana sasa ilikuwa saa ya kukamuliwa ya alasiri, na saa hiyo Malkia, aliyekuwa mkubwa wa kundi kwa umbo na kwa tabia, hakuwahi kuikosa. Walimsikia kabla ya kumwona. Akatokea kwenye njia ya pembeni, mweusi, kiwele kimejaa, kwenye pembe moja ananing'iniza kipande cha lango la fundi baiskeli, pamoja na mnyororo wake. Watano walimfuata kwa mstari. Walilipita trekta kama wanavyopita jiwe, dereva akainua miguu, wakaingia bondeni na kuinamisha vichwa. Malkia alisimama karibu na kibao, akawatazama wote mmoja mmoja, akainua mkia, na akaacha kile ambacho Bwana Sawa alikuwa ametoa kwa toroli asubuhi nzima. Kidogo kilirukia kiatu cha mvua cha afisa.

Afisa alikitazama kiatu kwa furaha isiyofichika. “Sasa naona,” akasema, na akafungua mkoba tena.

*

Mama mkwe alitia dole gumba. Bwana Sawa alitia sahihi. Ilibaki nafasi ya tatu.

“Bosi, njoo,” mama mkwe akaamuru.

“Siji.”

“Anakuja,” akamwambia afisa. “Lete hiyo kalamu.”

“Bibi, haiwezekani. Ni kwa hiari yake.”

“Hiari yake ninayo mimi. Nimemzaa mimi.”

“Lazima akubali mwenyewe, bibi. Vinginevyo nachana hata hizi mbili.”

Bosi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya trekta, miwani mkononi. Bila miwani alionekana mdogo, na amechoka. Dereva alikuwa amezima injini.

“Shemeji,” akamwambia Mama Pacha, na utani ulikuwa umemtoka. “Nikwambie kitu? Kila mtu hapa ana chake. Mama ana nyumba. Kaka ana ufundi. Wewe una ng'ombe. Mimi nina theluthi ya majani nisiyoyala. Nikiomba nauli naulizwa naenda wapi. Nikikaa mezani mnanipunguzia mchuzi mkidhani sioni. Leo nilikuwa nishike pesa yangu. Yangu. Sasa kaka amejifunza neno jipya, na wa kwanza kuambiwa ni mimi.”

Mama Pacha alikuwa na jibu kwa kila mtu, siku zote, na mara nyingi lilitoka kabla swali halijaisha. Alilitafuta. Miaka minane ng'ombe wake walikuwa wakila bonde lote, pamoja na theluthi ile, na kwa muda huo wote hakuna aliyemwambia Bosi asante. Na mchuzi ni kweli. Mpunguzaji alikuwa yeye.

“Nitakupa ng'ombe,” akasema.

Bosi akainua uso. “Yupi?”

“Yule wa mwisho pale.”

“Mwenye kikohozi? Shemeji, niheshimu.”

“Basi yule dume mdogo.”

“Dume nitamkamua nini? Sharubu?”

“Yule mwenye doa.”

“Anapiga teke. Alimpiga mpaka mkusanya kodi.”

“Ndiyo sababu sijamuuza.” Mama Pacha alijua wanakoelekea, na Bosi alijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama upande ule. Mwisho Mama Pacha ndiye aliyetazama. Malkia alikuwa anakula, masikio yakifukuza nzi. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nusu ya maziwa yaliyokwenda mjini kila alfajiri yalikuwa yake. Mama Pacha alikuwa amemnunua akiwa ndama, kwa pesa ya kwanza aliyowahi kuiita yake, na alimkumbuka alivyotembea naye nyumbani siku ile akiongea naye njia nzima kama kichaa.

“Mama Pacha,” mumewe akasema taratibu, “si lazima.”

“Nyamaza. Umeshasema hapana moja leo, usizimalize zote.” Akavuta pumzi. “Malkia. Na ndama wake akizaliwa. Maziwa utanipa mimi nipeleke mjini, mwisho wa wiki nakulipa kama ninavyowalipa wengine, bila kukuuliza unaenda nayo wapi. Unakamua mwenyewe. Alfajiri, Bosi. Alfajiri yenyewe, si ile ya kwako.”

Bosi alisimama. “Unanitania.”

Mama Pacha hakungoja moyo wake ubadilike. Alitembea mpaka kwa Malkia, akamwondolea ile mbao kwenye pembe, akavua shingoni kwake mwenyewe kamba ya ng'ombe aliyozoea kuibeba siku zote, akamfunga nayo pembe. Alimkwaruza nyuma ya sikio mara moja. Kisha akarudi na kuuweka mwisho wa kamba mkononi mwa shemeji yake, akaukunja ule mkono juu yake.

“Huyo ni wako. Mashahidi hawa hapa.”

Bosi aliitazama kamba. Malkia alimtazama Bosi, akamnusa miwani, akaona hailiki, akarudia majani.

“Anakula sana,” Bosi akasema.

“Sana.”

“Kiangazi anakula wapi?”

“Hapahapa. Hakuna pengine.”

Bosi aligeuza shingo polepole, akaliangalia bonde tangu juu mpaka chini, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Halafu macho yake yakashuka mpaka kwenye magurudumu ya trekta, na kwenye nyasi zilizolala chini yake.

“Wewe dereva!” akafoka ghafla. “Umeegesha wapi hapo? Unakanyaga majani ya ng'ombe wangu! Rudi nyuma! Nyuma, nasema! Taratibu, usipondeponde!”

Dereva alitema kijiti, akawasha injini, akarudi nyuma akitikisa kichwa. Bosi alitia sahihi karatasi ikiwa juu ya mgongo wa kaka yake, kamba haijamtoka mkononi, kisha akakimbia kwenda kuelekeza trekta litoke.

“Na mimi?” Bwana Sawa akauliza, mgongo ukiwa bado umeinama. “Nimalizie nini?”

Mkewe alikuwa anajifuta uso kwa kiganja, haraka, kama anayefuta vumbi. Alimwonyesha juu, nyuma ya jiko.

“Toroli liko palepale ulipoliacha.”

Bwana Sawa alitazama kile kilima kwa muda mrefu. Alifungua mdomo, na kwa sekunde moja mke wake alimwona akichagua kati ya maneno mawili.

“Sawa,” akasema, na akapanda kwenda kulichukua.